Junia aspirini haiyeyushi mafuta: barua zenu za mwezi huu

Wapendwa, mwezi huu barua za dawa za kuzuia damu kuganda zimekuwa nyingi mpaka nimeamua ukurasa wote uende huko. Nikizisoma naona kitu kimoja kinajirudia, watu wanameza junia aspirini, yaani aspirini ya dozi ndogo, wakiamini inaenda kwenye mshipa kuyeyusha mafuta kama sabuni inavyotoa mafuta kwenye sufuria, af wakiona mguu bado unauma au kifua bado kinabana wanaacha, wengine ndo wanaongeza dozi. Yote mawili ni hatari, na mimi nilokaa kaunta ya duka la dawa miaka 16 linaniuma kweli. Kwa hiyo leo nitakuwa mrefu kwenye barua ya kwanza, nivumilieni.

SWALI: Mwanangu mfamasia, hujambo. Mimi ni mzee wa miaka 64, niko Tanga, nna kisukari mwaka wa tisa huu, sigara niliacha 2015. Tangu mwaka jana nikitoka nyumbani kwenda sokoni, kama hatua 200 tu, kigimbi cha mguu wa kulia kinakaza mpaka nisimame. Nikisimama kidogo kinaacha, nikianza kutembea kinaanza tena. Daktari alinipima presha mkononi na kwenye kifundo cha mguu, akasema mishipa ya mguu imeziba kwa mafuta, akanipa klopidogreli ya 75 na atovastatini ya 40. Jirani yangu aliyewekewa stenti, kile kibomba cha waya cha kushikilia mshipa wa moyo, yeye anameza junia aspirini. Sasa nauliza, hizi dawa za kulainisha damu zinayeyusha hayo mafuta? Maana nimemeza miezi minne na mguu bado unauma. Na kama zinayeyusha, hii atovastatini ya nini, inanimalizia hela. (Baba wa Tanga)

JIBU: Shikamoo baba. Pole sana na mguu, na hongera kwa kuacha sigara, hilo peke yake limeiokoa mishipa yako na mengi.

Hapana baba, klopidogreli haiyeyushi mafuta, na aspirini ya jirani yako nayo haiyeyushi. Hata damu yenyewe hailainishi, uzito wa damu yako ni ule ule uliokuwa nao kabla hujaanza dawa, kinachobadilika ni tabia ya chembe za aina moja tu zilizo ndani ya hiyo damu. Hapa naomba nikae kidogo.

Neno mafuta ndo linatuchanganya. Mafuta aliyokwambia daktari ni yale yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa kwa miaka mingi, kolesteroli imeingia ukutani, mwili ukaja kuifunika, ikawa kama uji uliopoa ukafanya utando juu, chini laini, juu umejikaza. Hata jina la kitaalamu la ugonjwa wenyewe, atherosklerosisi, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uji. Sasa huo uji ukikaa kimya unabana njia tu, ndo maana kigimbi kinalia ukitembea, msuli unataka damu nyingi na njia ni nyembamba. Balaa ni siku utando unapochanika. Hapo damu inakutana na uji, na damu ikikutana na kitu isichokijua inafanya kile inachofanya ukijikata kwa kisu, inaganda. Kwenye kidole kuganda ni uponyaji, kwenye mshipa wa moyo kuganda ni mshtuko wa moyo, kwenye ubongo ni kiharusi.

Wanaofika wa kwanza pale ni chembe sahani, zile ambazo kwenye karatasi ya majibu ya maabara zinaandikwa PLT. Mtu mzima anazo kati ya 150,000 na 400,000 kwenye mikrolita moja ya damu, yaani tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Nawe utashangaa, na hizo chembe nazo zina mafuta yake, kwenye ngozi yake, na haya si yale ya kwenye ukuta na wala hayatokani na chapati za jana. Ndo haya ambayo aspirini inahusika nayo.

Chembe sahani ikiguswa na kile kidonda cha mshipa, inachomoa kwenye ngozi yake mafuta yanayoitwa asidi ya arakidoniki, kimeng'enya (protini ya mwili inayogeuza kitu kimoja kuwa kingine) kinaitwa COX-1 kinayapokea, na mwisho wa safari yanatoka kitu kinaitwa thromboksani. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo, basi thromboksani ndo mgambo wenyewe. Inalia sekunde chache tu, nusu yake inapotea ndani ya kama sekunde 30, lakini sekunde hizo zinatosha kuziita chembe nyingine zije zirundikane, na mshipa nao unajikaza. Kikundi cha Bengt Samuelsson kule Sweden ndo walioielezea mwaka 1975, na miaka minne kabla yake, 1971, John Vane wa London alikuwa ameshaonyesha kwamba aspirini inazuia mwili kutengeneza mafuta ya ukoo huu. Wote wawili, na mwenzao Sune Bergström, walipewa Nobeli mwaka 1982.

Aspirini inafanyaje? Inabandika kipande chake kwenye COX-1 na hakibanduki tena. Seli nyingine za mwili zingetengeneza kimeng'enya kipya, ila chembe sahani haina kiini, haina ule mpango wa kutengenezea vitu vipya, kwa hiyo ikishabandikwa imenyamazishwa mpaka ife, na maisha yake ni siku 7 hadi 10. Kila siku mwili unaleta mpya kama moja ya kumi ya zote, hizo ndo kidonge cha kesho kinazifuata. Umeona kwa nini nakazania kila siku? Dawa yenyewe inaisha kwenye damu ndani ya muda mfupi sana, kazi yake ndo inabaki, lakini kuna watoto wanazaliwa kila siku ambao hawajaguswa.

Klopidogreli yako wewe haishiki mgambo, inaziba sikio. Chembe sahani zina wito mwingine unaitwa ADP, na sikio la kuusikia linaitwa P2Y12, basi klopidogreli inaliziba sikio hilo nalo halizibuki mpaka chembe ife. Ila inamezwa ikiwa haijaiva, lazima ini liipike kwanza. Kuna watu ini lao kwa asili ya kuzaliwa linaipika vibaya, na kuna dawa ya vidonda vya tumbo, omeprazoli, inayokalia jiko lile lile, kwa hiyo ukiandikiwa omeprazoli mwambie daktari nameza klopidogreli, atakubadilishia nyingine kama pantoprazoli.

Sasa kuna mafuta ya tatu, na haya ndo watu wengi hawajawahi kuyasikia, hata baadhi yetu wa kaunta. Chukua koti lenye bitana. Nje kitambaa kimoja, ndani kingine. Ngozi ya chembe sahani iko hivyo hivyo, bitana yake imejaa mafuta yanayoitwa fosfatidilserini, na chembe ikiwa imetulia inahakikisha bitana haitoki nje, yaani kuna vimeng'enya kazi yao ni kuyarudisha ndani kila yakichungulia. Chembe ikichokozwa sana, hasa na kolajeni, yaani nyuzi za ukuta uliochanika, pamoja na thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, koti linageuka, bitana inakuwa nje. Na bitana hiyo ina chaji hasi, kwa hiyo protini za kugandisha damu, zile ambazo vitamini K inashiriki kuzitengeneza, zinakuja kujishikiza juu yake kwa msaada wa kalsiamu, zinakaa karibu karibu kama wanawake wanaosuka mkeka mmoja, kazi inaenda mbio zaidi ya mara 100,000 kuliko kila mmoja angekuwa peke yake. Hapo ndo nyuzi za fibrini zinatoka, na rundo la chembe linakuwa bonge gumu.

Wapo watu wachache mno duniani waliozaliwa chembe zao haziwezi kugeuza hilo koti, unaitwa ugonjwa wa Scott, wanatokwa damu kirahisi wakati idadi ya chembe zao haina kasoro. Ndo ujue bitana ina uzito gani.

Sawa, wito umenyamazishwa, bitana je? Aspirini haina mkono mrefu kufika hapo. Thrombini na kolajeni zina njia zake za kuichokoza chembe bila kupitia mgambo. Na kuna jambo jingine wanalolifuatilia watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, kikundi cha Valerie O'Donnell, wao wameonyesha kwamba chembe sahani zikichokozwa hazitengenezi thromboksani tu, zinatengeneza pia mafuta yaliyochomwa na oksijeni yanayobaki yameng'ang'ania kwenye ngozi, na yakikaa pembeni ya fosfatidilserini yanaifanya ishike zile protini vizuri zaidi. Mengi ya haya yanatengenezwa na kimeng'enya kingine, 12-LOX, ambacho aspirini haikigusi. Yaani jiko moja limefungwa, jiko la pili bado lina moto, na kuni ni zile zile, asidi ya arakidoniki. Kinachonigusa mimi ni kwamba mji ni ule ule wa Cardiff ambako mwaka 1974 Peter Elwood na wenzake walitoa jaribio lao la kuwapa aspirini wanaume 1,239 waliowahi kupata mshtuko wa moyo. Matokeo yao hayakutosha kuthibitisha, lakini yalifungua mlango.

Basi baba, ndo maana unaweza kumeza aspirini au klopidogreli bila kukosa hata siku moja na bado hatari haijaisha yote. Dawa inafanya kazi yake, ila ni kazi moja. Na ndo maana wapo wagonjwa wenye miguu kama yako wanaoongezewa rivaroxabani ya miligramu 2.5 mara mbili kwa siku juu ya aspirini, hiyo inaenda kuzuia kazi inayofanyika juu ya bitana. Jaribio lililoitwa COMPASS, mwaka 2017, watu 27,395, vifo vya moyo na mishipa, mishtuko ya moyo na viharusi kwa ujumla vilipungua kama robo hivi ukilinganisha na aspirini peke yake, ila kutokwa damu nako kuliongezeka, kwa hiyo si dawa ya kujinunulia, daktari anakupima kwanza.

Na atovastatini? Baba yangu, hiyo ndo inayoenda kwenye uji wenyewe. Inapunguza kolesteroli inayoingia ukutani na inasaidia utando ukaze usichanike. Uingereza walifanya jaribio kubwa, matokeo yakatoka 2002, watu 20,536 wakiwemo wenye kisukari na wenye miguu kama yako, simvastatini ya 40, ndugu wa atovastatini yako, matukio makubwa ya mishipa yalipungua karibu robo. Ukinambia hela inatosha dawa moja tu ningeumia kukuchagulia, ila usiikate hiyo kimya kimya. Uliza duka la dawa atovastatini isiyo ya jina kubwa, bei inatofautiana sana na dawa ni ile ile, na kama una bima uliza kama iko kwenye orodha.

Mguu sasa. Klopidogreli hukupewa ili kigimbi kiache kuuma, ulipewa ili moyo na ubongo visije vikapigwa, manake aliyeziba mguuni mara nyingi ameziba na kwingine. Kwenye jaribio la CAPRIE la mwaka 1996, watu 19,185, klopidogreli ilizidi aspirini kidogo kwa jumla, na kwa wenye ugonjwa wa mishipa ya miguu ndo tofauti ilionekana zaidi, kwa hiyo daktari wako hakukosea. Dawa ya kigimbi ni kutembea. Najua ndo kitu kinachokuuma, ila sikiliza, tembea mpaka maumivu yawe makali kiasi, simama yapoe, endelea, fanya hivyo nusu saa mpaka dakika 45, mara tatu kwa wiki, usihesabu kitu kabla ya wiki 12. Wengi wanatoka hatua 200 wanafika mbali sana. Viatu vifunike vidole, na kila jioni mwambie mama akuangalie nyayo kama kuna kidonda, sukari inaficha maumivu. Ila siku mguu ukiwa baridi ghafla, umepauka, au unauma hata umelala, usiningoje mimi wala tarehe ya kliniki, siku hiyo hiyo hospitali.

SWALI: Salaam aleikum dadangu. Babangu yuko na sisi hapa Mombasa, alipatwa na mshtuko wa moyo miaka mitatu iliyopita, daktari akampa aspirini ya 75. Yeye husema 75 ni ya watoto, ameza ya 300 ili damu ilainike zaidi. Tena huziweka kwenye chupa ya zamani jikoni, juzi nikafungua zanuka siki. Nimwambieje, maana hasikii. (Dada wa Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Mwambie jina la junia ndo limemdanganya. Hiyo 75 ikimezwa kila siku inanyamazisha zaidi ya asilimia 95 ya thromboksani ya chembe sahani, sasa 300 inakwenda kunyamazisha nini tena? Marekani walilinganisha miligramu 81 na 325 kwa watu 15,076 wenye ugonjwa wa moyo, matokeo yakatoka 2021, hakukuwa na tofauti ya maana ya vifo, mishtuko wala viharusi.

Na kuna sababu nzuri zaidi, nayo ni mafuta tena. Ukuta wa mshipa, ukitumia asidi ile ile ya arakidoniki, unatengeneza kitu kinaitwa prostasaiklini ambacho kazi yake ni kinyume, kinaziambia chembe zitulie na kinaupanua mshipa. Dozi ndogo inazikuta chembe sahani kwenye damu inayotoka tumboni kabla ini halijaivunja aspirini, kwa hiyo kinachofika kwenye mishipa ya mwili mzima ni kidogo, na seli za ukuta zina kiini, zikiguswa zinatengeneza kimeng'enya kipya baada ya masaa. Ukipandisha dozi unaanza kumpiga na huyo rafiki, na tumbo nalo unalitoboa. Muulize baba, choo chake kimewahi kuwa cheusi kama lami? Akisema ndio, mpeleke leo.

Siki sasa. Hiyo si harufu ya chupa dada, ni aspirini yenyewe inavunjika. Ikipata unyevu inagawanyika, nusu moja inakuwa asidi ya salisiliki na nyingine ni asidi ya asetiki, ndo siki ile ile ya achari. Kile kipande kilichotoka ndo kile kile kilichotakiwa kwenda kubandikwa kwenye COX-1, kwa hiyo babako anameza dawa iliyomwaga silaha yake jikoni. Pwani yetu hii na unyevu wake, aspirini haikai kwenye chupa ya wazi karibu na sufuria. Ibaki kwenye karatasi yake ya kupasua, kabatini chumbani, utoe kimoja kimoja. Mimi wateja wangu wazee nawafundisha wanuse, kidonge kikinuka siki tupa, kikiwa na vijisindano vyeupe juu yake vinavyometameta tupa.

Kitu kimoja ambacho hukukiuliza, goti likimuuma baba anameza nini? Kama ni ibuprofeni, ikitangulia inakaa mlangoni kwa COX-1, aspirini inafika inakuta pamejaa, inaondoka bila kubandika. Wanaoshauri wanasema ibuprofeni imezwe angalau nusu saa baada ya aspirini ya kawaida, au zaidi ya masaa 8 kabla yake. Kwa aliyepata mshtuko wa moyo mimi ningeiweka kando kabisa, panadoli inamtosha, na ikikataa arudi kwa daktari.

SWALI: Dada habari za kazi. Nipo Muscat, mama yupo Unguja, ana miaka 71, hana presha wala sukari, hajawahi kuumwa moyo. Nataka nimpelekee aspirini ndogo awe anameza kujikinga, huku watu wengi wanawapelekea wazee wao. Kuna ubaya? (Kijana wa Muscat)

JIBU: Nzuri kaka, na Mungu akubariki kwa kumfikiria mama. Kuna ubaya, usimpelekee. Aliyekwisha kupata mshtuko, kiharusi cha kuziba, stenti au mguu uliobana, huyo aspirini inamlipa. Mama yako hana kitu cha kulipwa ila ana cha kupoteza. Kwenye jaribio la ASPREE la Australia na Marekani, wazee 19,114 wazima, matokeo yakatoka 2018, aspirini ya 100 haikuwaongezea maisha wala haikuwapunguzia magonjwa ya moyo kwa maana yoyote, ila damu kuvuja tumboni na kichwani kuliongezeka. Mgambo ule ule tunaounyamazisha kwa mgonjwa ndo unaomlinda mzima akipata kidonda kidogo cha tumbo.

Mpelekee hela akapimwe presha na sukari na kolesteroli, ikionekana kitu ndo tuzungumze.

Na kwa kuwa familia zina aspirini ndani, hili mkalishike. Mtu mzima akibanwa na kifua ghafla, kizito, kinapanda shingoni au mkono wa kushoto, jasho baridi, hapo aspirini ya 300 atafune, asimeze nzima, atafune iingie haraka, na muwe njiani kwenda hospitali wakati anatafuna, isipokuwa kama ana mzio nayo au anatapika damu. Jaribio la ISIS-2, mwaka 1988, wagonjwa 17,187, aspirini ndogo ya mwezi mmoja ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 ndani ya wiki tano. Ila mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, msimpe aspirini nyumbani, msimpe kabisa, manake kiharusi kinaweza kuwa cha kuziba au cha mshipa kupasuka, na huku kwetu cha kupasuka ni kingi kuliko Ulaya, huwezi kujua mpaka apigwe CT skani. Aspirini kwa aliyepasuka mshipa ni kumwagia petroli.

Homa pia. Dar ilipata dengi mwaka 2014 na tena 2019, na dengi yenyewe inashusha chembe sahani, ukimpa aspirini unamnyang'anya na zile chache zilizobaki. Mwenye homa mpe panadoli apimwe. Anayemeza aspirini kila siku kwa ajili ya moyo na akapata homa ya dengi aende kwa daktari siku hiyo, aamue daktari kama isimame kwa siku ngapi. Na watoto wenye homa usiwape aspirini hata kidogo.

SWALI: Mimi nimewekewa stenti ya moyo wiki sita zilizopita, nameza aspirini na klopidogreli. Jino la nyuma limeoza linaniua, shemeji kaniambia niache dawa zote wiki moja ndo niende kung'oa, la sivyo damu haitakata. Nifanyeje? (Dada wa Morogoro)

JIBU: Dada, usiache hata kidonge kimoja, nakuomba. Stenti ya wiki sita ni chuma ambacho ukuta wa mshipa haujamaliza kukifunika, chembe sahani zikipita zinakiona kama kidonda, na ukiacha dawa zote mbili wiki moja damu yako inakuwa na chembe mpya nyingi ambazo hazijaguswa na chochote, mgambo unalia, masikio yamezibuka, na stenti inaweza kuziba palepale. Mimi nna mteja, mzee mmoja mpole sana, aliambiwa maneno hayo hayo na mtu kibarazani, akaacha siku nane kwa ajili ya jino, siku ya tisa mkewe alikuja kwangu anatetemeka kuuliza ambulensi. Alipona, ila moyo wake haukurudi kama zamani, sa hivi anapanda ngazi mbili anapumzika.

Jino linang'oka ukiwa unameza zote mbili. Damu itachelewa kukata, hilo kweli, lakini ni damu unayoiona na iko mahali ambapo kidole kinafika. Daktari wa meno atang'oa moja kwa wakati, atashona, ataweka kitambaa uking'ate kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila kuchungulia chungulia, na anaweza kukupa maji ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu ikate, ya kusukutua. Nenda asubuhi, siku za mwanzo wa wiki, ili damu ikianza tena jioni uwe na pa kurudi. Kwa maumivu panadoli, usinunue diklofenaki wala ibuprofeni. Kama wanaweza kulituliza kwa dawa na kuziba muda, wanaweza wakasogeza mbele kung'oa, ila hilo waongee daktari wa meno na daktari wako wa moyo, sio shemeji. Ile kadi uliyopewa hospitali yenye tarehe ya stenti nenda nayo, umwonyeshe kabla hujakaa kwenye kile kiti.